UZI: Kanisa likikosana na serikali, ufunguo hubaki kwa nani? (Uskoti 1843, Ribe, Frere Town na sisi wa leo)

#1 MwanaJomvu

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo.

Tangu makaburi ya Shakahola, ya waumini waliofunga hadi kufa, yafukuliwe mwaka 2023, kila kikao cha kanisa huku Pwani kinaishia kwenye mabishano yaleyale. Mmoja atasema serikali isajili kila mchungaji na kumpima elimu. Mwenzake atasimama aseme serikali ikome mlangoni, madhabahu si yake. Mimi ni Mmethodisti wa Jomvu, nimekaa kwenye kamati za kanisa miaka mingi, na kinachoniuma ni kwamba tunabishana kama watu wasio na wazazi. Waprotestanti waliotutangulia waligombana na dola, wakagombana wao kwa wao, wakagawana, na baadhi ya vipande hivyo ndivyo vilivyopanda meli vikaja kushuka hapa Mombasa. Mnivumilie, ni ndefu.

Naanza Uskoti. Sheria ya mwaka 1712 iliwapa wenye ardhi haki ya kuteua mchungaji wa parokia. Kabaila akishamtaja mtu, ndiye huyo. Waumini watamsikiliza kila Jumapili, atawabatizia watoto, atawazika. Mwaka 1834 Baraza Kuu la Kanisa la Uskoti likapitisha kanuni kwamba wakuu wa kaya walio wengi wakimkataa mtu, asiwekwe. Mwaka huohuo kabaila wa Kinnoull akamteua Robert Young kwenda Auchterarder. Wakuu wa kaya walikuwa 330. Waliomkataa, 287. Wana parokia waliotia sahihi ya kumwita ni wawili tu. Kanisa likakataa kumweka, Young akaenda kortini, na mwaka 1838 mahakama kuu ya Uskoti ikampa haki, majaji 8 dhidi ya 5. Baraza la Malodi kule London likakazia hukumu hiyo mwaka 1839.

Majaji walikuwa wanasema kanisa la taifa limewekwa na sheria, basi sheria ndiyo itakayolichorea mipaka. Kanisa likajibu: mshahara mnaweza kutunyima, nyumba mnaweza kuchukua, lakini kumwekea mtu mikono awe mchungaji si kazi ya jaji.

Kuna tukio moja ambalo kila nikilisoma nasimama kidogo. Marnoch, kaskazini mwa Uskoti, Januari 1841, theluji imejaa njiani. John Edwards anakwenda kuwekwa juu ya waumini wasiomtaka, kwa nguvu ya amri ya mahakama. Kanisa limefurika. Wanaparokia wanasoma pingamizi lao, kisha wanakusanya Biblia na vitabu vya zaburi kwenye viti vyao, vile walivyokuwa wakiviacha humo wiki hadi wiki, wanavikumbatia na kutoka nje. Wazee wengine walikuwa wameketi kwenye viti hivyo maisha yao yote. Edwards akawekwa mbele ya watu waliokuja kutazama.

Miaka miwili baadaye ikafika siku yenyewe, 18 Mei 1843. Baraza Kuu limekutana kanisa la St Andrew, barabara ya George, Edinburgh, na mwakilishi wa Malkia ameketi mahali pake. Mwenyekiti anayeondoka, David Welsh, anaomba, kisha badala ya kufungua kikao anasoma barua ya kupinga, anaiweka mezani, anamwinamia mwakilishi wa Malkia na kuelekea mlangoni. Thomas Chalmers anamfuata. Halafu safu nzima, na safu nyingine nyuma yake. Wakateremka kwa miguu hadi ukumbi wa Tanfield, na huko wakamchagua Chalmers awe mwenyekiti wa Kanisa Huru la Uskoti. Kati ya wachungaji takriban 1,200 wa nchi nzima, 474 walitia sahihi hati ya kuacha makanisa, mishahara na nyumba walimolelea watoto wao.

Nitaendelea. Karibuni mchangie.

#2 NahodhaWaTudor

Assalam aleikum nyote. Mie ni Muislamu lakini mambo haya nayapenda, hasa yanapogusa mji wetu. Nauliza tu kaka yangu MwanaJomvu. Hawa watu walitoka kwa kuwa serikali iliingia kwenye dini yao. Sisi huku Kadhi yumo ndani ya Katiba, kifungu cha 170, na ni afisa wa mahakama ya nchi. Mababu zetu walitaka hivyo wakati ukanda huu wa maili kumi ulipotoka kwa Sultani wa Zanzibar mwaka 1963, ili mambo ya ndoa, talaka na mirathi yasipotee. Kwa hivyo si kila anayetaka mkono wa dola ameuza dini. Hao Waskoti waliikataa dola kabisa, au walikataa jambo moja?

Na msisahau, mmisionari Krapf alipokuja hapa 1844 hakuja na manowari. Alikuwa na barua ya Seyyid Said akiwaagiza maliwali wake wamtendee wema. Mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti hapa alilindwa na mtawala Muislamu. Mkewe Rosine na kitoto chao walifariki mwaka huohuo na wamezikwa upande wa Nyali. Kaburi lipo mpaka leo.

#3 MwanaJomvu

Waaleikum salaam, nahodha. Swali lako ndilo linalowapiga chenga hata Wapresbiteri wenyewe.

Hawakuikataa dola kabisa. Chalmers alisema wazi siku ileile pale Tanfield: wanaacha kanisa la taifa lililoharibika, na lingerudishiwa usafi wake wangefurahi kurudi. Kwake yeye serikali ilikuwa na wajibu mbele za Mungu wa kuitunza dini, ilipie kanisa, lakini isiliendeshe. Kwa hiyo ukitafuta mwenzako kwenye hoja ya Kadhi, Chalmers yuko karibu nawe kuliko unavyodhani.

Waliokataa dola kabisa walikuwa wengine, waliojitenga zamani zaidi. Ebenezer Erskine na wenzake walitoka mwaka 1733, Thomas Gillespie na kundi lake wakaunda kanisa jingine mwaka 1761. Wajukuu wa makundi hayo ndio waliofika mahali pa kusema dini isipokee hata senti ya serikali, kila mtu atoe kwa hiari yake. Kumbukeni tofauti hii, kuna kesi kubwa inakuja mbele.

Sasa, pesa. Ukiacha mshahara wa serikali, wanao watakula nini? Chalmers alikuwa ameshapiga hesabu. Aliwaambia hata maskini watoe senti moja kwa wiki, matoleo ya nchi nzima yakusanywe kapu moja, kisha kila mchungaji apate mgawo ulio sawa, awe wa mji tajiri au wa kisiwani. Mwaka wa kwanza walichanga zaidi ya pauni laki tatu kwa shughuli zote. Kufikia 1847 walikuwa wamejenga makanisa zaidi ya 700. Mahali pengine wenye ardhi waliwanyima viwanja, watu wakaabudu barabarani na ufukweni. Kule Strontian walitengenezewa kanisa la chuma linaloelea, likatiwa nanga kwenye ghuba mwaka 1846, na watu wakawa wanapelekwa ibadani kwa mashua. Sisi wa Mombasa tunaopanda feri ya Likoni tukiwa na nguo za Jumapili tunaweza kuliona jambo hilo bila kuchorewa.

#4 BintiKengeleni

Kaka MwanaJomvu, umesimulia vizuri lakini umeruka doa. Mimi nimezaliwa Frere Town, bibi yangu alikuwa mjukuu wa waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Naomba niliseme, maana kwetu si historia ya mbali.

Hilo Kanisa Huru, mwaka uliofuata tu, lilituma wajumbe Marekani kuchangisha. Wakarudi na pauni takriban elfu tatu, na sehemu yake ilitoka kwa makanisa ya kusini yenye washirika wanaomiliki watumwa. Frederick Douglass, mtu aliyetoroka utumwa mwenyewe, akazunguka Uskoti mwaka 1846 kutoka ukumbi hadi ukumbi akidai: rudisheni pesa. Maneno hayo yakaandikwa kwenye kuta, yakaimbwa na watoto. Hawakurudisha.

Kwa hiyo wametoka kwenye mfuko wa Malkia, wakaingiza mkono kwenye mfuko wa mwenye watumwa. Watu waliokuwa tayari kulala nje kwa ajili ya Kristo hawakuona shida kwenye shilingi iliyotoka mgongoni mwa mtu.

Frere Town ilianzishwa 1875, baada ya mkataba wa 1873 uliomfungia Sultani biashara ya watumwa baharini. Kengele yetu mnaiona nyote mkipita Kengeleni, mmepanda matatu za kwenda Bamburi. Ilipigwa kuwaonya watu wakimbie hatari. Nikiwa mdogo bibi alinishika mkono tukasimama chini yake, hakuniambia neno, aligusa tu ule ukuta kama mtu anayegusa kaburi. Ndio maana nikisikia kanisa linajisifu liko huru, nauliza kwanza limechangiwa na nani.

Na misheni yetu ya Kianglikana nayo haikuwa mbali na hundi. Watumwa watoro walipojaa kituo cha misheni cha Rabai na mabwana zao wakaja kuwadai, mapema mwaka 1889 Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ndiyo iliyolipa fidia kwa takriban watu 1,400 ili wapewe hati za uhuru. Nashukuru walipata. Lakini tangu siku hiyo misheni na kampuni zilikula sahani moja.

#5 MwanaJomvu

Dada BintiKengeleni, sikuwa nimeliandika na lilistahili kuandikwa. Asante. Nakubali kila neno.

Niongeze upande wenu wa Kianglikana, maana Kanisa la Uingereza ni la taifa hadi leo, mfalme ndiye mkuu wake. Swali lilikuwa: likivuka bahari, bado ni la mfalme? Jibu lilipatikana Afrika Kusini. Askofu wa Cape Town, Robert Gray, alimvua uaskofu John Colenso wa Natal mwaka 1863 kwa mafundisho yake. Colenso akakata rufaa kwa Baraza la Faragha la Malkia, na mwaka 1865 likasema hukumu ya Gray ni batili, kwa kuwa mahali penye bunge lake la koloni hati ya Malkia haiwezi kumpa askofu mamlaka ya kisheria. Waanglikana wakagundua kwamba ng'ambo kanisa lao ni chama cha hiari kama Wamethodisti. Ndipo maaskofu wakaitana Lambeth, London, mwaka 1867. Huku kwetu ilichukua muda: jimbo la Afrika Mashariki likaundwa 1960, Leonard Beecher akawa askofu mkuu, na Kenya ikasimama peke yake 1970 chini ya Festo Olang'.

Kuna la Mombasa kabisa hapa. Mwaka 1913, kule Kikuyu, Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na wamisheni wa AIM (Africa Inland Mission) walikaa kutafuta muungano. Mwishoni askofu wetu wa Mombasa, William Peel, aliongoza Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Kipresbiteri na wasio Waanglikana wakashiriki. Askofu Frank Weston wa Zanzibar akamshitaki kwa uzushi, pamoja na Willis wa Uganda. Kelele zikafika magazeti ya London.

#6 MjukuuWaKuli

Naomba nafasi. Babu alitoka Murang'a kuja kufanya kazi bandarini Kilindini. Hakuwahi kuingia PCEA, kanisa la Kipresbiteri lililotokana na misheni ya Kiskoti, maishani mwake, na sababu aliisema mara moja tu.

Mwaka 1929 misheni ya Kiskoti iliwataka waumini waape kuacha tohara ya wanawake. Kidole gumba kwenye wino, unaweka alama kwenye karatasi, na waliofanya hivyo wakaitwa kirore. Wengi walikataa wakatoka, wakaanzisha shule zao, na wakamleta askofu mkuu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini mwaka 1935 aje afundishe na kuweka makasisi. Huko ndiko mizizi ya Othodoksi ya Kiafrika na AIPCA, kanisa huru la Waafrika. Sisemi tohara ilikuwa sawa. Mimi nina mabinti watatu na hakuna aliyeguswa. Nasema kilichowauma ni kwamba Dakta John Arthur, mkuu wa misheni, mwaka 1924 aliteuliwa kuwa mwakilishi wa Waafrika kwenye baraza la kutunga sheria la koloni. Anayekunyima ubatizo ndiye huyohuyo anayekusemea kwa gavana. Ukikosana naye kanisani, umekosana naye na serikalini.

Na ilipokuja Hali ya Hatari, 1952 na kuendelea, serikali ilifunga shule zile na makanisa yale. Waliokuwa upande wa misheni hawakufungiwa.

Kwa hiyo MwanaJomvu, watoto wa 1843 walipofika huku walikuwa wameshasahau Marnoch.

#7 Mkristo_Wa_Kawaida

Mimi nitakuwa tofauti. Mnawapamba waliotoka. Nimeishi Mombasa miaka 40, sijaona mgawanyiko wa kanisa usio wa vyeo na sadaka. Leo wanatoka kwa "kweli ya injili", kesho wana jengo la mabati na askofu mpya. Mpasuko ni dhambi, basi. Na tunaposhindwa kuelewana wenyewe, anayekuja kutuamua ni nani? OCS, mkuu wa kituo cha polisi.

#8 MwanaJomvu

Ndugu, sikupuuzi, kwa sababu nimeyaona kwa macho. Ila nikuambie mimi ni tunda la mpasuko unaoweza kuuona mdogo kuliko yote.

Leeds, 1827. Wadhamini wa kanisa la Brunswick, la Wamethodisti, wanataka kinanda kikubwa cha mabomba. Viongozi wa madarasa na wahubiri wa kawaida hawataki. Kanuni zao zilitaka ridhaa ya mkutano wa wilaya, wilaya ikakataa. Mkutano mkuu wa wachungaji ukapindua, kinanda kikawekwa. Washirika takriban elfu moja wakatoka. Ukisimulia haraka utasema waligombania ala ya muziki. Waulize wenyewe watasema waligombania kama fundi viatu anayefundisha darasa la waumini ana sauti, au wachungaji pekee ndio kanisa. Kundi hilo likaungana na wengine, na mwaka 1849 wakafukuzwa tena wachungaji watatu, Everett, Dunn na Griffith, kwa tuhuma za vijikaratasi visivyo na jina vilivyoushambulia uongozi. Wamethodisti wa Wesley wakapoteza washirika laki nzima na zaidi katika miaka michache. Mwaka 1857 vipande hivyo vikajiunga vikajiita Makanisa Huru ya Methodisti.

Hao ndio waliomwita Krapf awaongoze. Mwaka 1862 alirudi hapa na Thomas Wakefield, misheni ikaanza Ribe. Si Wamethodisti wakubwa wa Wesley waliotuletea injili. Ni waliotoka. Kinanda cha Leeds kisingekuwepo, mimi sijui ningebatizwa wapi.

Na sasa la OCS. Nilikuwa na miaka 14, upande wa kusini wa kivuko, kanisa sitalitaja. Washirika waligawanyika, chanzo kilikuwa hesabu za ujenzi. Jumapili moja tulifika tukakuta kufuli mbili mlangoni, moja ya kila upande, na askari wawili wamekaa kwenye jiwe chini ya mwarobaini. Hakuna aliyeweza kuingia. Mama yangu alikuwa amechangia benchi, fundi alilichonga kwa mbao za mwembe wetu, na lilikuwa ndani. Alichungulia dirishani akaliona. Hakulia. Alitandika leso yake chini akaketi, wanawake wengine wakaketi naye, wakaimba. Kesi ilikaa miaka sita. Hakimu hakuuliza nani alihesabu vibaya wala nani anaomba zaidi. Aliuliza hati ya kiwanja imeandikwa majina ya nani.

#9 BintiKengeleni

Na ilikuwa majina ya nani?

#10 MwanaJomvu

Nitakujibu dada, lakini kupitia kesi niliyoahidi, maana ni ileile.

Mwaka 1900 lile Kanisa Huru la 1843 liliungana na wajukuu wa Erskine na Gillespie, wale wa hiari tupu. Wachungaji wasiofika 30, wengi wao wa nyanda za juu za kaskazini, wakakataa. Wakasema: Chalmers alituachia imani kwamba dola ina wajibu kwa dini, ninyi mmeiacha, basi ninyi si Kanisa Huru tena, ni sisi. Wakaenda kortini. Uskoti wakashindwa. Wakapanda hadi Baraza la Malodi, na mwaka 1904 wakashinda kila kitu: makanisa zaidi ya elfu, vyuo, akiba, majengo ya misheni ya ng'ambo. Mali iliyochangwa kwa senti za maskini, wakasema majaji, ilitolewa kwa imani fulani, na atakayeiacha imani hiyo hata kwa kura nyingi anaiacha na mali.

Fikirini. Kanisa lililotoka ili jaji asiliamulie mambo ya roho, miaka 61 baadaye jaji analiambia imani yake ni ipi. Wale wachache wasingeweza hata kufagia majengo yote yale. Bunge likalazimika kutunga sheria mwaka 1905 na kuunda tume ya kugawa mali upya. Na ilikuwa 1921 ndipo Bunge lilipokubali kwa sheria kwamba Kanisa la Uskoti ni huru katika mambo ya kiroho. Haki ya makabaila kuteua ilikuwa imeshafutwa 1874. Mwaka 1929 sehemu kubwa ya waliotengana wakarudiana.

Ndiyo sababu nikisikia mswada wa kusimamia dini naufungua kwanza mahali panapozungumzia hesabu, wadhamini na hati. Mtoto akifa njaa porini, hiyo ni jinai, polisi waende, wala wasisubiri kibali cha askofu. Kanisa likipokea pesa za watu, hesabu zikaguliwe. Lakini ofisi ya Nairobi ikianza kusema nani amefundishwa vya kutosha kuhubiri Mtongwe, hapo nitasimama.

Kwa MjukuuWaKuli: babu yako alikuwa Marnoch. Waliomfungia mlango ndio waliokuwa wameisahau.

Dada BintiKengeleni: hati ilikuwa na majina matatu. Mmoja alishafariki, mmoja alihamia Voi, wa tatu alikuwa upande wa pili. Jengo likaenda kwao. Sisi tukapewa siku moja ya kutoa vitu vyetu, tukaja na mkokoteni. Benchi la mama lilitoka la mwisho. Sasa liko Jomvu, safu ya tatu kutoka mbele, upande wa dirisha.